Kurasa za Nyuma za Daftari la Nashon

Jumatatu, 10 Machi 2003. Nateete.

Nimerudi Kampala jana. Mvua haijaanza. Chumba kinanuka vumbi na ile gundi ya vitabu ambayo Nashon alikuwa akirudi nayo mikononi kutoka Wandegeya.

Hapa Uganda mgonjwa hununua daftari lake mwenyewe, la shule, na kila daktari anayemwona huandika humo. Anatembea na ugonjwa wake kwapani. La Nashon lina jalada la buluu na jedwali la kuzidisha nyuma. Madaktari walitumia kurasa kumi na moja tu. Nimeligeuza, naandika kuanzia upande wa pili. Karatasi nzuri kama hii hawezi mtu kuitupa, na yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuniambia hivyo.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho wawili. Mimi Mjaluo wa Ugenya, yeye Mbukusu wa Bungoma. Tulipendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na tarehe nane Februari aliniomba maji kwa Kiswahili, halafu hakusema tena.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua cherehani. Wateja wawili, wote wa sketi za shule.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda hospitali kuchukua karatasi ya kifo. Nesi aliyekuwepo ni yule Mkongo, Pélagie, aliyenishika mabega siku ile waliponiambia ni sukari iliyomuua Nashon. Alichukua daftari ili anakili jina, akaanza kufungua kurasa. Akasimama kwenye ukurasa wa nne.

"Mama Akoth, nani alitia hizi alama?"

Nikamwambia ni mwenye duka la dawa. Mwezi wa tisa daktari alimwandikia Nashon vidonge vya pumu: prednisoloni, sita kila asubuhi, siku tano. Vilimsaidia sana. Vilipokwisha tukarudi dukani na daftari, mwenye duka akasoma ukurasa uleule, akatoa vingine, akatia alama ya kalamu. Kila baada ya siku tano, alama. Nilidhani ndivyo inavyofanyika.

Pélagie alizihesabu kwa kucha. Ishirini na sita.

"Daktari aliandika siku tano," akasema. "Ile dawa haiko mubaya, mama. Kwa siku tano iko muzuri sana. Lakini miezi ine? Hiyo ni steroidi. Inaambia ini itoe sukari, halafu inafanya mwili usisikie insulini, ile yenye kushusha sukari. Kwao kuna mwenye ugonjwa wa sukari?"

"Mama yake."

"Basi alikuwa karibu na mulango. Dawa ikamusukuma ndani."

Nikauliza kama ile kiu ilikuwa hiyo. Akasema ndiyo. Na kukojoa kila saa? Ndiyo. Na macho kuona ukungu, hata akabandika jalada la tasnifu ya mwanafunzi juu chini? Ndiyo, mama.

Sikumuuliza habari ya juisi. Nashon alipokuwa na kiu nilikuwa nikimtengenezea juisi ya pasheni, jagi zima, na sukari vijiko vinane kwa sababu alipenda tamu. Alikunywa na mimi nikafurahi kumwona anakunywa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Nikafumua.

Jumapili, 16 Machi

Mvua ya kwanza. Wakati ibada ikiendelea paa la bati lilipiga kelele hata mchungaji akanyamaza, tukakaa tu tukisikiliza. Nilitakiwa kuomba. Nilikuwa nikimfikiria Rajab.

Niandike habari zake vizuri, nisimwonee. Ni Mnubi, mzee wa miaka sitini na kitu, mrefu, kanzu yake haina doa. Zamani alikuwa mhudumu wa wagonjwa katika jeshi la serikali zilizopita. Baada ya vita vya '86 hakurudi jeshini, akafungua duka la dawa ng'ambo ya barabara, mkabala na kibaraza changu. Nateete nzima humwita Dokta. Nashon alimpenda kwa sababu ndiye jirani pekee aliyezungumza naye Kiswahili bila kumcheka, na Jumamosi walicheza bao mpaka chai ikapoa.

Alikuja leo baada ya mvua, akasimama nje, akavua kofia.

"Shemeji, pole tena. Mimi nimekosa mtu."

"Asante, Dokta."

"Kama kifua chako au kichwa kinasumbua, usinunue kwingine. Wewe ni wa nyumbani."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimeshika mkasi na niliuweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Jumatano, 19 Machi

Mwalimu mmoja aliyekuja kupima suti ameniambia kuna ofisi ya serikali mjini inayokagua maduka ya dawa. Wakipata ushahidi hufunga duka na kumpeleka mwenyewe mahakamani. "Lakini wanataka ushahidi, si machozi," akasema.

Ushahidi ninao. Ila alama ni alama tu. Anaweza kusema si zake, kwamba ni za marehemu, au ni zangu.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo sikujua naliweza.

Nilivuka barabara na daftari la Nashon, nikaliweka kwenye meza ya kioo ya Rajab. Nikakohoa kidogo. Nikasema kifua kinanibana tangu mvua ianze.

Akafungua ukurasa wa nne. Akaona jina.

"Hili ni la marehemu, shemeji."

"Najua. Sina pesa ya daktari."

Akanitazama kwa huruma. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, kwamba ilikuwa huruma ya kweli.

"Hii dawa mimi najua tangu jeshini," akasema. "Askari anakohoa, unampa sita, kesho anakimbia. Kifua ni kifua." Akahesabu vidonge thelathini kwa kisu kidogo, akavitia katika bahasha ya karatasi, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye daftari. Alama ya ishirini na saba, chini ya jina la mtu aliyezikwa.

"Andika na jina lako, Dokta, na tarehe. Nisije nikachanganya."

Akaandika. R. Abdallah, 24/3/03. Mwandiko mzuri wa jeshini.

"Usimeze bila kula," akaniambia. "Vinauma tumbo."

Nimevificha vidonge ndani ya kopo la vifungo. Nimepika ugali na dagaa, nimekula sahani nzima. Tangu Februari sijala hivyo.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Mtaro umefurika mpaka kizingitini. Nimeahirisha kwenda ofisini.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua tena. Hakuna haraka. Napenda kumtazama ng'ambo akifagia maji dukani na kupungia watu mkono, naye hajui.

Jumamosi, 29 Machi

Mke wake amekuja kushonesha gauni. Jina lake Kaltumi, lakini sote tunamwita Mama Nabilah kwa binti yake aliyeolewa Bombo. Kuna harusi huko mwishoni mwa Aprili na anataka kung'aa. Vipimo vyake ninavyo tangu Idi ya mwaka jana.

"Pima tu, usitaje namba," akasema. "Hizo namba ni siri yangu na Mungu."

Nilizungusha futi. Kiuno kimeongezeka inchi nne. Nikapima mkono. Mkono umepungua inchi nzima. Nikarudia, kwa sababu mwili haufanyi hivyo. Mtu akinenepa hunenepa kote.

Halafu nikamtazama uso. Umekuwa wa mviringo, mashavu yanameta mekundu.

Nimewahi kuuona uso huo. Desemba nilitanua kola za mashati yote ya Nashon. Tumbo mbele, miguu myembamba. Wenzake wa kiwanda cha kuchapa walimwita Bosi. Nilimwandikia mama yake barua kwamba mwanawe amenenepa, Kampala imemkubali.

"Umependeza, Mama Nabilah," nikasema.

"Ni magoti! Yalikuwa yananiua. Rajab akanipa vidonge vyake tangu mwezi wa kumi na moja, sasa napanda kilima cha Rubaga kwa miguu. Anasema nimerudi msichana, mzee yule, hana haya." Akacheka mpaka akashika meza. "Una maji, mwanangu? Siku hizi nina kiu kama ngamia."

Nikampa glasi. Akamaliza. Nikampa nyingine. Akamaliza, akauliza choo kiko wapi, na anajua kiko wapi.

Alipoondoka nilikaa na futi shingoni. Mimi peke yangu katika Nateete nzima najua jambo hili. Yeye hajui, mumewe hajui, majirani wanasema ameshiba.

Nilitakiwa kumfuata. Barabara ina upana wa hatua kumi na tano.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda kanisani. Nilikuwa nawaza: kumfungia duka ni kitu gani? Atafungua lingine. Faini ni karatasi. Nashon hakuwa karatasi. Alikuwa mtu aliyekata kucha za miguu yangu nilipokuwa na mimba ile iliyotoka, akizikusanya kwenye gazeti.

Rajab naye ajue chumba kinavyokuwa mwenzako akiondoka.

Jumatatu, 31 Machi

Mama Nabilah kaenda chooni mara tano kabla ya saa sita. Naona kila kitu kutoka kwenye cherehani.

Jumatano, 2 Aprili

Ameniletea sahani ya kisra, ule mkate wao mwembamba, na mchuzi wa bamia. "Kula, wewe umekonda." Nilikula. Kilikuwa kitamu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua mchana kutwa. Alipita akanisalimia kwa jina la mtu mwingine. Hakuniona vizuri mpaka aliposogea.

Jumamosi, 5 Aprili

Amekuja kujaribu gauni. Nilikuwa nimeacha nafasi ya kutosha kiunoni, kwa sababu nilijua itahitajika. Alikuwa amechoka, akaketi. Akaona picha ya Nashon ukutani.

"Rajab hulia, unajua? Hukaa na lile bao peke yake. Anasema yule Mkenya alimsikiliza kama mwana."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilishukuru kuwa nazo.

"Na maji, mwanangu. Kama yapo."

Nilikuwa na juisi ya pasheni. Niandike, Mungu akiwa shahidi: nilishika jagi. Kisha nikalirudisha, nikampa maji. Basi. Huo ndio wema wote niliofanya wiki hii.

Jumatatu, 7 Aprili

Hakutoka nje.

Jumanne, 8 Aprili

Hakutoka nje. Rajab amefungua duka kama kawaida. Anapiga mluzi.

Jumatano, 9 Aprili

Saa tatu asubuhi mvua ilikuwa inanyesha kwa hasira. Rajab alivuka barabara bila kofia, bila viatu. Sikuwahi kumwona bila viatu.

"Shemeji, njoo. Mama Nabilah haamki sawasawa. Nimempa glukosi, hataki kuamka."

"Umempa nini?"

"Glukosi. Ya unga, kwenye maji. Ni udhaifu tu."

Nilisimama na cherehani ikabaki na sindano ndani ya kitambaa. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo siku kumi na moja. Nilidhani itakapofika nitakaa, niendelee kushona, niseme pole. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno.

Lakini nilisikia neno glukosi na nikaona jagi langu, na vijiko vinane, na mkono wa Nashon ukilipokea.

Nilimwambia, "Mbebe. Usimpe kitu kingine. Mbebe!"

Alikuwa kitandani, pumzi nzito, midomo imekauka kama karatasi. Kando yake kopo la vidonge vyeupe. Nililitia mfukoni. Tukampakia kwenye pikapu ya muuza matofali, nikamfunika na gauni lake la harusi kwa sababu ndilo nililokuwa nimelibeba begani bila kujua. Maji yalifika magurudumuni. Rajab alimshika kichwa akisema, "Ni malaria, siyo? Ni malaria, shemeji?"

"Si malaria."

"Wewe unajuaje?"

Nikagonga kibanda cha dereva aongeze mwendo.

Hospitali nilimpita kila mtu mpaka kwa Pélagie. Nikaweka kopo mbele yake. "Mpimeni sukari. Amemeza hizi tangu Novemba." Wakamchoma kidole. Kile kimashine hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba imepita kipimo. Kama kilivyoandika Februari.

Wakamtundikia maji, wakamwekea insulini. Rajab alisimama ukutani. Aliposikia daktari akisema ni vidonge ndivyo vilivyoipandisha sukari, alichukua lile kopo akaelekea nalo kwenye pipa la taka.

"Hapana, baba!" Pélagie akamshika mkono. "Usikate mara moja! Mwili wake umezoea, umesahau kutengeneza steroidi yake yenyewe. Ukikata leo, kesho anaanguka na kitu ingine. Tutapunguza polepole, sisi, si wewe."

Akabaki na kopo mkononi, hajui aliweke wapi. Mtu aliyegawa dawa hiyo miaka kumi na saba.

Ndipo nilipomfungulia daftari, nililotoka nalo nyumbani kwapani, ukurasa wa nne. Nilimwacha azione alama zake mwenyewe moja moja, hadi sahihi. Nilitazama uso wake wakati anaelewa. Nilikuwa nimeutamani uso huo tangu Machi kumi na tatu na nilipoupata niliutazama vizuri, sikugeuka, na ulinishibisha. Siandiki uongo hapa.

Jumamosi, 12 Aprili

Amefungua macho. Hatakufa. Wanasema sukari pengine itashuka dawa ikipunguzwa, na pengine itabaki naye maisha. Hakuna ajuaye bado.

Jumatatu, 14 Aprili

Rajab kaja kibarazani. Duka halijafunguliwa tangu Jumatano.

"Nipe daftari, shemeji."

"Hapana."

"Nitaacha. Wallahi nitaacha kazi. Nitarudi Bombo nilime. Nipe tu."

"Ulimwambia Nashon vinauma tumbo bila chakula. Ulijua hilo tu?"

Akasema, "Nilijua hilo tu." Akalia, mzee mzima, watu wanapita. Sikumpa kiti.

Jumatano, 16 Aprili

Keshokutwa ni Ijumaa Kuu, ofisi zitafungwa mpaka Jumanne. Nimelitoa daftari nilifunge kwenye plastiki kwa ajili ya safari, nikaanza kusoma upande huu. Machi 29. Machi 31. Aprili 2, kisra na bamia. Mkaguzi wa serikali akiligeuza daftari atasoma haya yote.

Nikachukua wembe. Nikakunja kurasa zangu, nikapima. Lakini daftari hili limeshonwa katikati kwa waya. Kila karatasi ina nusu mbele na nusu nyuma. Nikichana yangu ya Machi, ile yenye alama za Rajab inalegea na kutoka. Nimejaribu kukata nikiacha ukingo mwembamba. Inawezekana. Mkono mtulivu, dakika moja.

Nimeweka wembe kando. Si kwa uchaji. Nimetaka kwanza kumwona Mama Nabilah.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Alikuwa ameketi, uso bado wa mviringo, sauti ndogo. Rajab alikuwa ametoka kuchota maji ya kumwosha miguu.

"Nesi ananiambia wewe ndiye uliyejua," akasema. "Wamekusifu hapa kama daktari."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema ni asubuhi ile. Alikuwa amenipa mlango.

"Tarehe ishirini na tisa mwezi wa tatu. Nilipokupima."

Alihesabu kwa vidole juu ya shuka, kwa Kinubi, nikimsikia.

"Siku kumi na moja."

"Ndiyo."

"Nilikuletea chakula katikati hapo."

"Ndiyo. Nilikula."

"Rajab ni mjinga," akasema. "Miaka arobaini nimelala na mjinga, sikujua. Amemuua mume wako, karibu aniue na mimi, na hakujua. Lakini wewe, mwanangu. Wewe ulijua."

Nilimweleza habari za ofisi, daftari, kurasa za mbele na za nyuma. Sijui kwa nini nilimweleza. Nadhani nilitaka aniambie nisiende, ili nimchukie na yeye, mambo yawe mepesi.

Rajab akaingia na beseni. Akapiga magoti, akaanza kumwosha vidole kimoja kimoja, kama walivyomfundisha, akitafuta vidonda. Mama Nabilah alikuwa akinitazama mimi juu ya kichwa chake.

"Peleka," akasema.

Rajab akainua uso. "Kupeleka nini?"

"Wewe osha." Kisha kwangu: "Peleka. Lakini lote. Ukichana hata karatasi moja nitajua, maana nitawaambia waiulizie. Nitawatajia tarehe."

"Mama Nabilah..."

"Na lile gauni ulimalize. Nitalivaa siku watakayowaita nyote wawili."

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nimemaliza gauni. Nimepunguza kiuno kidogo.

Jumanne, 22 Aprili

Niko kwenye benchi la ofisi ya ukaguzi. Kuna watu wawili mbele yangu. Nje jua limetoka na barabara inatoa mvuke.

Sijamsamehe Rajab. Leo asubuhi nilipita mbele ya duka lake lililofungwa na moyo wangu ulifurahi, kama kila siku.

Ndugu mkaguzi, anzia mbele. Ukurasa wa nne ndio ulionileta. Ukimaliza, geuza daftari usome na huku. Mimi naitwa Akoth, mke wa Nashon Khaemba, nakaa Nateete mkabala na duka hilo, na ukinihitaji nipo.